Maswali ya Wasomaji: Mlaji wa Sabuni ni Nani?

Katika toleo lililopita tulitumia maneno "bidhaa za mlaji" mara kadhaa bila kuyafafanua, tukidhani kwamba yanajieleza yenyewe. Barua tulizopokea zimetuonyesha kwamba hayajielezi. Tumechagua tano, tumezifupisha kidogo, na kama ilivyo desturi ya ukurasa huu tumewataja waandishi kwa kazi na miji yao tu.

Swali: Mwalimu mstaafu, Tanga

Mhariri, mliandika kwamba sabuni, kiberiti na dawa ya meno ni "bidhaa za mlaji". Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na sijapata kumwona mtu anayekula sabuni. Je, neno sahihi si "mtumiaji"? Na kwa nini wanauchumi wasiseme tu "vitu vya nyumbani" wakamaliza?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Tunakubali kwamba neno hilo huchekesha mtu anapolisikia kwa mara ya kwanza, lakini tunaomba kulitetea. Kitenzi "kula" katika Kiswahili hakikufungwa mdomoni: gari hula mafuta, moto hula nyumba, mfanyabiashara hula hasara, na sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni huliwa na maji mpaka ikabaki kipande chembamba kama ukucha. Katika matumizi yote hayo maana ni moja, nayo ni kukitumia kitu hata kikapungua au kikaisha. Hiyo ndiyo maana ambayo wanauchumi wanaihitaji, kwa sababu wanachokitafuta ni mahali ambapo safari ya bidhaa inakoma.

Neno "mtumiaji" ni zuri na halina utani ndani yake, lakini lina upana unaoleta taabu. Mwoka mikate anatumia unga, na mchomeleaji anatumia vyuma, hali ya kuwa hakuna hata mmoja kati yao ambaye bidhaa imeishia kwake, kwa kuwa unga utatoka ukiwa mkate na vyuma vitatoka vikiwa madirisha. Anayependa kulitumia neno hilo kwa usahihi hulazimika kuongeza na kusema "mtumiaji wa mwisho". Matumizi ya kiofisi yenyewe yamegawanyika. Nchini Kenya sheria na magazeti huelekea zaidi kwenye "mtumiaji". Tanzania hutumia "mlaji" inapozungumzia bei na ushindani wa biashara, ilhali mabaraza yanayoshughulikia nishati, maji na mawasiliano yamechagua "watumiaji", pengine kwa sababu ni vigumu zaidi kumfikiria mtu anayekula umeme. Sisi tunatumia "mlaji" kwa bidhaa na "mtumiaji" kwa huduma, ingawa hatutagombana na anayefanya vinginevyo. Dosari moja ya "mlaji" tunaikiri: mtaani "ulaji" ni cheo chenye marupurupu, na kiongozi anayeahidi kuwalinda walaji anaweza kueleweka vibaya sana.

Kuhusu "vitu vya nyumbani", tatizo ni kwamba nyumba si kipimo. Biskuti inayoliwa stendi wakati basi linasubiriwa ni bidhaa ya mlaji ingawa haijaingia katika nyumba yoyote, na cherehani iliyowekwa sebuleni kwa ajili ya kushona sare za wateja si bidhaa ya mlaji ingawa haijatoka nje ya mlango. Msomaji anayefuata ametuletea mfano mzuri kuliko huu wetu.

Swali: Mama lishe, Morogoro

Ninauza chakula karibu na stendi. Nilipoomba mkopo katika kikundi chetu, niliambiwa nitenganishe "matumizi ya nyumbani" na "gharama za biashara". Mchele ni ule ule, mtungi wa gesi ni ule ule, na wanangu wanakula kutoka sufuria ile ile ninayowapakulia wateja. Nitatenganisha vipi kitu kimoja?

Jibu: Dada yetu, umeuliza swali ambalo ndilo moyo wa jambo lote. Hakuna bidhaa iliyozaliwa ikiwa bidhaa ya mlaji. Kinachoamua ni kazi ambayo mnunuzi anaipa. Mwaka 1871 mwanauchumi wa Austria, Carl Menger, alizipanga bidhaa kwa madaraja, akaanza na mkate. Mkate unaomtuliza njaa mtu moja kwa moja aliuweka daraja la kwanza, unga uliookwa kuwa mkate huo daraja la pili, na nafaka na kinu kilichoisaga akavisogeza mbali zaidi na mdomo. Kwa ngazi hiyo, sahani ya wali iliyo mbele ya mteja wako ni ya daraja la kwanza, na mchele ulio ndani ya gunia lako ni wa daraja la pili. Lakini kikombe cha mchele unachokipima jioni kwa ajili ya wanao kinakwenda moja kwa moja kwa mlaji, ingawa kimetoka katika gunia hilo hilo.

Sheria nayo ilifuata mkondo huo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania, ilipopitishwa mwaka 2003, ilimweleza mlaji kuwa ni mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa lengo lisilo la kuziuza tena, na ikamtoa katika kundi hilo anayenunua ili atengenezee kitu cha kuuza. Kodi ya ongezeko la thamani hupita njia ile ile: mfanyabiashara aliyesajiliwa huondoa kodi aliyolipa wakati wa kununua katika kodi anayodaiwa anapouza, lakini mtu aliyenunua beseni la kufulia nguo za watoto hana wa kumpelekea mzigo huo, na unaishia kwake.

Sasa tuje kwenye daftari lako. Hesabu hizi ni za mfano, nawe uweke zako. Tuseme kwa siku unapika kilo 10 za mchele kwa bei ya shilingi 2,800 kila kilo, yaani shilingi 28,000, na kwamba familia inakula kilo moja na nusu kati ya hizo. Shilingi 4,200 ni za nyumbani, na shilingi 23,800 ni za biashara. Tuseme pia mtungi mdogo wa kilo 6 unaujaza kwa shilingi 24,000, unakaa siku sita, na kati ya saa tano ambazo jiko linawaka kila siku saa moja ni ya chakula cha jioni cha nyumbani. Gesi ya siku ni shilingi 4,000; ya nyumbani ni 800 na ya biashara ni 3,200. Ukijumlisha mchele na gesi, nyumba inakula shilingi 5,000 kwa siku kutoka kibandani, na kwa siku 26 za kazi katika mwezi hizo ni shilingi 130,000.

Wanawake wengi wanaofanya kazi yako huogopa hesabu hii wakidhani kwamba itawaonyesha wabaya, kumbe mara nyingi hufanya kinyume chake. Shilingi hizo 130,000 zilikuwa zimeandikwa kama gharama za biashara, kwa hiyo biashara ilionekana dhaifu kuliko ilivyo, na huenda kikundi kimekuwa kikikupimia mkopo mdogo kwa sababu hiyo. Andika kwa bei uliyonunulia, si kwa bei ya sahani, kwa kuwa hukuwauzia wanao. Na usikae kugawanya kila kijiko. Sufuria na jiko ni vifaa vya mtaji vikiwa sehemu kubwa ya kazi yake ni ya wateja, na kuvitoza nyumbani kwa sababu vilichemsha uji siku moja ni kujisumbua bure. Ikiwa una mahindi ya shamba lako mwenyewe, yale mnayoyala nyumbani ni matumizi ya mlaji hata kama hakuna fedha iliyotoka mfukoni. Watakwimu wa taifa huyahesabu hivyo, kwa kuyapa thamani ya bei ya soko.

Mwalimu wa Tanga aruhusiwe kusoma aya hii pia. Sokoni watu wetu wana usemi ambao hawakufundishwa na mwanauchumi yeyote: "Nimekula mtaji." Mwenye duka anayechukua kilo ya sukari kutoka rafu yake, leo moja na kesho mbili, bila kuandika, hajaibiwa na mtu. Amehamisha bidhaa kutoka upande wa mtaji kwenda upande wa mlaji, na kitenzi alichokichagua ni kile kile.

Swali: Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mwanza

Katika jaribio niliandika kwamba mkaa ni bidhaa ya kudumu kwa sababu hauozi, na kwamba shati si ya kudumu kwa sababu linachakaa. Nilikoseshwa yote mawili. Mwalimu hakueleza sababu.

Jibu: La mkaa ulikosa kwa haki, na la shati ulikosa kwa haki nusu. Kudumu katika uchumi hakupimwi kwa jinsi kitu kinavyokaa ghalani. Hupimwa kwa mara ambazo kinaweza kutumika. Gunia la mkaa lisilonyeshewa mvua litakaa miaka bila kubadilika, lakini kipande cha mkaa hutoa moto mara moja tu, kisha ni majivu. Chumvi ni hivyo hivyo, na kiberiti pia. Hizo ni bidhaa zisizo za kudumu. Ndizi mbivu nayo imo humo, ingawa kwa kuoza iko mbali kabisa na chumvi, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea.

Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa huita ya kudumu bidhaa inayoweza kutumika tena na tena kwa zaidi ya mwaka mmoja katika matumizi ya kawaida, kama friji, redio, baiskeli na kitanda. Shati, viatu na mashuka huwekwa katika kundi la kati: hupita mwaka, lakini si kwa mbali. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kusema kwamba shati si ya kudumu kamili, ila sababu yako haikutosha, kwa maana friji nayo huchakaa. Mtihani ukikupa vitu vinavyotatanisha, jiulize kitu hicho kinatumika mara ngapi kabla ya kwisha.

Swali: Mwenye duka, Likoni, Mombasa

Muuzaji wa jumla huniambia nijaze rafu kwa "bidhaa zinazotoka haraka" na niache "bidhaa za kudumu". Je, hivyo ni vinyume? Mbona kiberiti hutoka haraka na betri ya redio pia, na chupa ya chai haitoki?

Jibu: Ndugu yetu, hivyo ni vipimo viwili tofauti vinavyokutana njiani. Kudumu au kutodumu ni tabia ya bidhaa ikiwa kwa mlaji. Kutoka haraka ni tabia ya bidhaa ikiwa kwako rafuni. Kwa kawaida kinachoisha haraka nyumbani hutoka haraka dukani, na ndiyo maana muuzaji wako anavichanganya bila kupata hasara kubwa. Lakini kuna cha tatu, nacho ni tabia ya mnunuzi mwenyewe. Mwaka 1923 Melvin Copeland wa Chuo Kikuu cha Harvard alizigawa bidhaa za mlaji kwa kumtazama mnunuzi: zile anazozinunua duka la karibu bila kufikiri sana, kama chumvi na sabuni, zile anazozizungukia akilinganisha bei na ubora, kama godoro au leso za harusi, na zile ambazo amekwisha kuichagua aina yake tangu nyumbani na yuko tayari kwenda mbali kuipata. Chupa ya chai ni ya kundi la pili. Haitoki kwako kwa sababu mtu wa Likoni anayetaka kununua chupa ya chai atavuka na feri aende akazilinganishe mjini, na wala si kwa sababu chupa hiyo inadumu.

Hesabu ndiyo itakayokuamulia. Chukua shilingi 10,000 uziweke katika sukari inayokuletea faida ya shilingi 400 na kumalizika kwa siku nne; katika siku 90 utakuwa umezizungusha mara 22 na kupata shilingi 8,800. Shilingi 10,000 hizo hizo ukiziweka katika chupa za chai zenye faida ya shilingi 2,000, ambazo zinakaa miezi mitatu kabla ya kumalizika, mwisho wa siku 90 una shilingi 2,000. Faida ndogo inayozunguka imeishinda kubwa iliyolala. Mfano huu hauhesabu usafiri wala mikopo ya majirani, na ya pili tunajua kwamba si ndogo.

Na vile vya kadogo, yaani vipakiti vya sabuni ya unga na mafuta ya kupima, hutoka haraka kuliko chochote kwa sababu vinalingana na fedha ya siku. Mlaji, kwa upande wake, hulipa zaidi kwa kila kilo. Ukiweza kumwonyesha mteja wako tofauti hiyo kwa kuandika bei ya kilo kando ya bei ya kipakiti, utakuwa umemtendea haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inamhesabia mtumiaji habari za lazima kuhusu bidhaa kuwa ni haki yake. Huenda pia ukapoteza mauzo machache ya vipakiti, na hilo hatukufichi.

Swali: Muuguzi, Dodoma

Kila mwezi natangaziwa kwamba mfumuko wa bei ni asilimia tatu na kitu. Sokoni naona nyanya, unga na mafuta vimepanda kuliko hivyo. Je, tunadanganywa? Na "kapu la mlaji" ni kapu la mlaji gani?

Jibu: Hudanganywi, ila kapu hilo si lako. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufuata bei za bidhaa na huduma 383, ambazo ndizo kapu lenyewe; wastani wa bei zake za mwaka 2020 umepewa alama 100 ili bei za sasa zilinganishwe nao, na kila kundi hupewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi ambayo kaya zilionekana kuitumia katika utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2017/18. Vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vilipewa uzito wa asilimia 28.2. Katika kapu lililotangulia uzito huo ulikuwa asilimia 38.5. Kushuka huko kunalingana na jambo aliloligundua mtakwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, mwaka 1857, kwamba kadiri kipato cha familia kinavyoongezeka ndivyo sehemu inayokwenda kwenye chakula inavyopungua, hata kama familia inakula vizuri zaidi.

Sasa fikiri kaya inayotumia shilingi 60 kwa chakula katika kila shilingi 100 inazotumia. Chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vingine vyote vikakaa palepale, kaya hiyo imepandishiwa maisha kwa asilimia 6. Kapu la taifa, kwa uzito wake wa 28.2, litaonyesha asilimia 2.82 tu. Takwimu zote mbili ni za kweli. Moja ni ya kaya hiyo na nyingine ni ya wastani, ndani yake mkiwa na watu wanaolipa nauli nyingi, ada, vocha za simu na kodi kubwa za nyumba. Ongeza kwamba macho hushika bei ya nyanya kwa sababu unainunua kila siku, ilhali bei ya sufuria isiyobadilika mwaka mzima hakuna anayerudi nyumbani kuisimulia.

Ukitaka kapu lako mwenyewe, andika matumizi ya miezi miwili au mitatu kwa makundi sita au saba, upate sehemu ya kila kundi, kisha zidisha sehemu hiyo kwa kiasi ambacho bei za kundi hilo zimepanda na ujumlishe. Wasomaji wengi hukosea mahali pamoja, nawe umedokeza katika barua yako kwamba unajenga. Kiwanja, saruji na mabati ya nyumba mpya havimo katika kapu la mlaji, kwa kuwa kujenga nyumba huhesabiwa kuwa uwekezaji. Kinachoingia ni kodi ya pango na matengenezo madogo ya pale unapoishi. Fedha ya mabati iandike pembeni, na ile unayompa mwenye nyumba kila mwezi uiweke ndani ya kapu.